Geuza Jani: Bibi Shamba Anajibu

Mhariri aliponipa ukurasa huu alidhani nitaandikiwa habari za mbolea na bei ya mbegu. Mwezi huu yamekuja majani matupu. Yamekuja kwa picha za simu, yamekuja kwa bahasha, na moja limeletwa mkononi na kijana wa bodaboda ambaye alikataa nauli kwa sababu naye alikuwa na swali lake. Miaka yote niliyotembea vijiji vya Muheza kama bibi shamba, neno nililolisema kuliko yote ni hili: geuza jani. Watu wanatazama upande unaotazama jua, wanasahau kwamba kazi nyingi hufanyikia uvunguni. Kati ya picha kumi na tisa nilizopokea, ni mbili tu zilizoonyesha upande wa chini.

Shikamoo Bibi Shamba. Mahindi yangu yana mwezi mmoja na nusu. Asubuhi yananawiri, ikifika saa sita majani yanajisokota mpaka shamba linafanana na la vitunguu. Jirani anasema ni ugonjwa, ninunue dawa. Nifanyeje? — Mkulima, Handeni

Marahaba. Dawa usinunue. Hindi lako lina kiu, nalo linajikinga.

Chukua jani moja, lipasue taratibu, ulitazame dhidi ya mwanga. Utaona mishipa imepangana sambamba kutoka chini hadi nchani, kama nyuzi za mkeka. Humo ndimo maji yanamopanda kutoka mzizini, na humo ndimo sukari iliyotengenezwa inamoshukia. Katikati ya mishipa, juu na chini ya jani, kuna vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, mamia kwa mamia katika eneo lisilozidi ukucha wa mtoto. Vitabu vya shule huviita stomata. Kila kitundu kina seli mbili pembeni, kama midomo. Zikijaa maji zinavimba na kuachana, kitundu kinafunguka. Zikipungukiwa zinalegea, kinafumba.

Sasa taabu iko hapa. Jani linahitaji hewa ya ukaa ili litengeneze chakula chake kwa mwanga wa jua, kazi ambayo wataalamu wa lugha wameipa jina zuri la usanisinuru. Hewa hiyo inaingilia kwenye vitundu hivyo. Lakini mlango ni mmoja: ukifunguliwa kuingiza hewa, mvuke wa maji nao unatoka. Ni kama duka la nyama, huwezi kufungua mlango kwa ajili ya wateja ukawaambia nzi wasubiri nje. Maji karibu yote ambayo mmea unayanyonya ardhini huishia hewani kwa njia hiyo, na yanayobaki mwilini mwake ni kidogo sana.

Ikifika saa sita, jua la Handeni linavuta maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Hindi linafumba vitundu. Halafu, upande wa juu wa jani kuna safu za seli kubwa zilizojaa maji, ambazo kazi yake ni kama bawaba ya mlango. Zikipoteza maji zinanywea, na jani linajikunja kuelekea juu mpaka linakuwa bomba. Bomba linapokea jua kidogo, na mvuke uliomo ndani yake hautoroki haraka.

Kwa hiyo usiende shambani mchana, utajitia presha bure. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukikuta majani yamefunguka, ujue usiku mmea umefidia. Ukikuta asubuhi bado yamejisokota, hapo ndipo una shida ya kweli, hasa kama mbelewele zinakaribia kutoka, kwa maana kiu ya wakati huo ndiyo inayokupa magunzi yenye mapengo. Palilia mapema, kwa sababu magugu yanakunywa kwenye kikombe hicho hicho, na utandaze majani makavu kati ya mistari.

Utaniuliza mbona mkonge wa jirani haujikunji. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, nami nimekua nikilala na harufu ya singa zinazoanikwa. Mkonge ni jani vilevile, ingawa watu wanaudhania mti wenye panga. Ule una ujanja mwingine: mchana unafumba vitundu kabisa, usiku kukiwa na ubaridi unavifungua, unaweka akiba ya hewa ya ukaa, na jua likichomoza unaitumia ndani kwa ndani milango ikiwa imefungwa. Nanasi nalo linafanya hivyo. Ndiyo maana Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche 1,000 ya mkonge mwaka 1893, ikapita njia ndefu baharini kutoka Marekani, miche 62 iliyofika hai ilitosha kuijaza Tanga nzima. Mahindi ungeyasafirisha hivyo, ungepokea nyasi kavu.

Bibi, mimi ni mama ntilie. Mchicha wangu nikitia nyanya na ndimu unageuka rangi, unakuwa kama umelala siku mbili. Mwenzangu wa meza ya pili anatia magadi, wake unabaki kijani na wateja wanamfuata. Na mimi nitie? — Tanga Mjini

Usitie. Nikueleze kwanza kinachotokea sufuriani.

Rangi ya kijani ya jani inaitwa umbijani, wanafunzi wanasema klorofili. Katikati ya kila chembe yake imeketi madini ya magnesi. Ukichanganya moto na uchachu, uchachu unaing'oa ile magnesi, na umbijani uliopoteza magnesi una rangi ya zeituni iliyochakaa. Jani lenyewe lina uchachu wake hata kabla hujaleta ndimu. Kwa hiyo unapofunika sufuria, ule uchachu unaotaka kutoka na mvuke unaurudishia mboga.

Magadi yanaua uchachu, kijani kinabaki, hapo mwenzako hakukosea. Lakini yanaharibu vitamini C, na yanalainisha jani mpaka linateleza kama mlenda. Mteja anakula rangi.

Fanya hivi: tui liive kwanza na nyanya yake, mchicha utie mwishoni kabisa, usifunike, dakika chache tu, epua. Ndimu iende mezani, mteja ajikamulie mwenyewe kwenye sahani. Mimi nyumbani napika hivyo na mume wangu, ambaye halalamikii kingine chochote ila chakula, hajalalamika.

Na kama sokoni utapata mchicha mwekundu, nunua fungu moja la kuchezea. Uchemshe kwa maji matupu. Maji yatakuwa mekundu kama sharubati, na majani yataanza kuonyesha kijani. Umbijani ulikuwamo siku zote, umefunikwa tu na rangi nyekundu inayoyeyuka katika maji. Nilipowaonyesha hivyo wanawake wa kikundi kimoja pale Ngomeni, mmoja wao alisema, "Kumbe alivaa baibui." Tangu siku hiyo sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Shikamoo. Niko kidato cha pili. Tuliambiwa tupime wanga katika jani. Nililichemsha, nikaliweka kwenye spiriti mpaka likawa jeupe, nikadondosha iodini. Wenzangu majani yao yakawa meusi yenye ubuluu, langu likabaki na rangi ya iodini tu. Nikaambiwa nimekosea hatua. Nimerudia mara tatu. Nilitumia jani la kitunguu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na jiko la bweni. — Lushoto

Marahaba mwanangu. Hukukosea hatua hata moja. Ulichagua jani lenye siri.

Majani mengi yakitengeneza sukari kuliko yanavyoweza kuisafirisha mchana, ziada huigeuza kuwa wanga na kuiweka palepale, kama mtu anayetupia magunia ukumbini mpaka lori lije. Usiku wanga unageuzwa sukari tena na kushushwa kwenda mizizini na kwenye matunda. Kitunguu hakina desturi hiyo. Jani lake linaweka akiba kama sukari moja kwa moja, na iodini haibadilishi rangi kwa sukari. Ndiyo maana kitunguu ukikikaanga polepole kinakuwa kitamu. Hata ungerudia mara thelathini, jibu lingekuwa lile lile, nalo ni jibu sahihi. Liandike hivyo daftarini.

Ukitaka kuona ule weusi, chuma jani la maharage au la mhibiskasi saa tisa mchana siku ya jua kali. Ukilichuma alfajiri litakudanganya, kwa maana ghala limemalizwa usiku. Ukipata lile jani la bustani lenye mabaka meupe, ndiyo bora zaidi: weusi utatokea palipokuwa na kijani tu, na mabaka yatabaki na rangi ya iodini tu.

Spiriti usiiweke juu ya moto. Iweke kwenye kikopo, kikopo ukitie ndani ya maji ya moto yaliyokwisha epuliwa. Enzi zangu chuoni, mwenzangu mmoja aliona hiyo ni kupoteza muda, akaiweka kwenye jiko la mkaa. Niliyekuwa nimeinamia kutazama ni mimi. Nilikwenda likizo bila nyusi.

Baba mkwe hataki tulale chini ya mwembe usiku, anasema unatunyonya hewa na tunaweza tusiamke. Nyumba ni ya bati na joto la Februari unalijua. — Korogwe

Mwambie baba shikamoo yangu, na kwamba neno lake lina ukweli ndani yake, ila amelikuza. Mchana jani linapumua na pia linatengeneza chakula, na oksijeni linayotoa inazidi sana ile linayotumia. Usiku hakuna jua, limebaki kupumua tu kama mimi na wewe, linatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Lakini pumzi ya mti ni ndogo, na hapo nje hewa inatembea. Mkeo aliyelala kando yako anakumalizia hewa kuliko mwembe, na sijasikia ndoa iliyovunjika kwa sababu hiyo. Ogopa mbu, tawi kavu, na embe lililoiva.

Asubuhi ukiamka tazama ncha za matawi. Majani machanga ya mwembe hutoka mekundu kama shaba, yananing'inia malaini kama kitambaa kilicholowa, halafu ndani ya wiki chache yanakuwa kijani na kukaza. Hapo bado umbijani haujajaa. Wengi mmeniletea picha zake mkidhani ni ugonjwa. Hapana, ni utoto tu.

Mimi mvuvi. Jani la mchu ukililamba lina chumvi. La mkoko halina, na yote miwili imesimama kwenye maji yale yale. — Pangani

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake fupi. Mkoko unazuia chumvi nyingi mlangoni, kwenye mizizi. Mchu nao unazuia, lakini inayopenya unaisukuma nje kupitia vifuko vidogo vilivyomo kwenye jani. Jua likikausha yale maji, inabaki chumvi. Nenda saa saba mchana siku isiyo na mvua, utaona punje zinametameta. Kisha geuza jani: chini ni jeupe kama limepakwa unga. Ni vinyweleo vidogo vilivyosongamana, vinatuliza upepo usipite juu ya vitundu na kuiba maji. Mti umesimama baharini, na bado unabana maji kama mtu wa Dodoma.

Bibi Shamba, muhogo wangu majani yamejikunja, yana mabaka ya manjano, mengine yamekuwa membamba kama vidole vya mgonjwa. Nimepiga dawa mara tatu. Pesa imeisha, muhogo uko vilevile. — Mkinga

Ndugu yangu, ungeniandikia kabla ya ile mara ya kwanza. Lakini sitakusema, kwa sababu kosa hilo nimewahi kulifundisha.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa na buti mpya na bomba la mgongoni, na mzee mmoja wa kijiji kilicho njia ya Amani aliniita kwa muhogo wa namna hiyo hiyo. Nikamwambia apige dawa, nikamwonyesha jinsi ya kunyunyiza: juu, sawasawa, kila jani ling'ae. Akapiga. Baada ya wiki mbili nikarudi, hali ile ile. Nikamwambia arudie. Mara ya tatu nilimkuta mkewe shambani, ameinama, anachuma kisamvu. Hakunisalimia kwanza. Akashika kikonyo cha jani, akaligeuza juu chini mbele ya uso wangu, akalipuliza. Wakaruka nzi weupe, wadogo kama punje za unga, wengi mpaka nikafumba macho. Akasema, "Mwanangu, dawa yako unawanyeshea mvua kwenye paa. Wao wako chumbani."

Basi, ninayajua maneno ya kugeuza jani tangu siku hiyo, na aliyenifundisha hakuwahi kukaa darasani.

Huo ugonjwa wako ni batobato. Si mgeni: mabaka hayo kwenye muhogo wa upande wetu huu yaliandikwa vitabuni tangu 1894. Unaletwa na virusi, na wanaovibeba kutoka shina hadi shina ni hao nzi weupe, wanaonyonya utomvu upande wa chini ambako jani ni laini na kuna kivuli. Jani likishaingiwa, sehemu za manjano zina umbijani kidogo, na jani lililojikunja lina eneo dogo la kupokea jua. Kiwanda kimepungua mashine. Ndiyo maana mizizi haijai: unga wote ulio ardhini ulianza kama sukari ndani ya jani.

Hata ungewapata nzi wote, virusi vimeshakaa ndani ya shina, na hakuna dawa ya dukani inayoviondoa humo. Kwa hiyo shina lililougua likiwa bado dogo ling'oe, ulitoe shambani. Msimu ujao usichukue mbegu kwenye shamba hilo, hata kwa shina linaloonekana zima. Uliza kwa ofisa ugani wa kata yako mbegu safi za aina inayostahimili. Na ukikuta majani ya chini yanafifia manjano kandokando ya mishipa huku ya juu yamenyooka vizuri, chimba muhogo mmoja uukate. Ukiwa na mabaka makavu ya kahawia ndani, hiyo ni michirizi ya kahawia, nayo ni ndugu mkorofi zaidi, kwa kuwa juu mti unacheka na chini unaoza. Ugonjwa huo uligunduliwa hapa kwetu pia, taarifa yake ya kwanza iliandikwa mwaka 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha Amani. Kuna mambo mtu angependa wilaya yake isifahamike kwayo.

Umeniuliza pia pembeni kama kisamvu cha muhogo huo kinadhuru. Batobato haiwapati watu. Kisamvu chenyewe, kiwe kizima au kigonjwa, kina sumu ya sianidi, na jani limeihifadhi kwa akili sana: vitu viwili vimetengwa katika vyumba mbalimbali, kimoja chenye sumu iliyofungwa, kingine chenye ufunguo. Mdudu akitafuna, kuta zinabomoka, vinakutana. Mchi wa kinu unafanya kazi ya yule mdudu. Ndiyo maana bibi zetu hawakukichemsha kabla ya kukitwanga: kinu kinafungua sumu, kisha moto, sufuria ikiwa wazi, unaitoa na mvuke. Anayekata kisamvu kwa kisu vipande vikubwa na kukipika haraka kwa sababu ana haraka ya tamthilia, huyo ndiye wa kuogopewa jikoni.

Upepo umechana majani yote ya migomba yangu. Nikate yaliyochanika yatoke mapya? — Lushoto

Acha. Mishipa ya jani la mgomba inatoka kwenye uti wa katikati kwenda pembeni, imenyooka, kwa hiyo jani linachanika kati ya mshipa na mshipa na kila kipande kinabaki na bomba lake la maji. Linaendelea kufanya kazi. Tena jani lililochanika upepo unapita katikati yake, mgomba haulali chini. Na kumbuka kwamba kile unachokiita shina si shina, ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, kata mgomba uliokwisha vunwa uyahesabu. Ukishachanua mkungu, mgomba hautoi jani jipya tena. Mkungu unajazwa na yaliyopo, na chini ya majani manane mazima utavuna ndizi nyembamba. Kwa hiyo ukitaka ya kufunikia chakula cha shughuli, chukua kwenye mgomba uliokwisha kuvunwa.

Mwisho, kwa wanaotuma majani kwa bahasha. Jani likichumwa halijafa. Linaendelea kutoa mvuke kupitia vile vitundu, na ukilifungia kwenye plastiki linajiogesha kwa jasho lake na kuoza. Bahasha ya wiki iliyopita kutoka Kilindi ilifika ikiwa supu, na karani alinitazama kama nimeagiza maiti. Liweke kati ya karatasi mbili za gazeti kavu, juu yake andika mti gani, umelichuma saa ngapi, lilikuwa juu au chini ya mti. Na kama ni picha, naomba mbili.